Ufunguo wa pili wa pakeji yetu

Ipagala, Dodoma

Mama Ima wangu,

Mbukwenyi, wewe na wote hapo Morogoro. Ima anaendeleaje? Bibi yake ameniambia ameshaanza kukaa mwenyewe, nikafurahi kweli. Huku sisi wazima, isipokuwa baridi na upepo wa Julai, vumbi mpaka kwenye sahani. Mama anakusalimia sana. Elia naye anakusalimia na bado anadai kitabu chake.

Ukimya wako naujua, mikono imejaa mtoto, wala sikulaumu. Ila nina shida na wewe, na siwezi kungoja mpaka uje.

Juzi nimeibiwa simu kwenye daladala natoka mjini. Laini nimeirudisha kesho yake, namba ni ileile, na hela za kwenye simu zipo salama. Kilichonitoa jasho ni ile akaunti ya PyPI, ghala la mtandaoni la programu za lugha ya Python, ambako tunataka kuweka pakeji yetu ya kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili. Tangu Januari 2024 kila mwenye akaunti pale lazima awe na uthibitishaji wa hatua mbili, na hatua ya pili haiji kwa meseji. Inatoka kwenye programu iliyomo ndani ya simu, au kwenye kifaa maalumu cha kuchomeka. Kwa hiyo hata ukirudisha laini haikusaidii: namba unayo, lakini siri imeondoka na simu. Kilichoniokoa ni zile namba za dharura ambazo nilizichapa kwenye karatasi nikampa mama, naye akaziweka ndani ya Biblia yake. Kila moja inatumika mara moja tu. Nimeingia, nimesajili simu mpya, yamekwisha.

Lakini hayajaisha kichwani mwangu, mwenzangu. Hapo hata pakeji hatujaitoa. Sasa fikiria imeshatoka, vikoba vya huku na huku vinaitumia kwenye risiti zao, mtu kaona kosa anaomba lirekebishwe, na mwenye ufunguo ni mimi peke yangu, niko kitandani naumwa, au simu iko mfukoni kwa mwizi. Nani atatoa toleo jipya?

Unalikumbuka sanduku la kikoba cha Mama Neema. Kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, na anayelaza sanduku kwake hana hata mmoja. Hakuna aliyewahi kusema wale mama hawaaminiani. Ndiyo ninalokuomba: uwe mmiliki wa pili wa pakeji. Sisemi msaidizi. Pale kuna ngazi mbili; msaidizi anaweza kupakia matoleo, ila mmiliki ndiye anayeongeza watu, anayewaondoa, na anayeweza hata kuifuta pakeji yote. Nataka uwe na mamlaka sawasawa na yangu.

Na hapo ndipo PyPI inapotofautiana na sanduku. Kwenye PyPI mwenye ufunguo mmoja anafungua peke yake, hangoji wenzake. Kwa hiyo sitampa mtu yeyote tu aliyejitolea. Unakumbuka mkasa wa xz, Machi 2024? Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa ssh, njia ya kuingia ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde hivi, akafuatilia, akakuta kuna mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila kompyuta yenye mfumo wa Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amesaidia kazi ile kwa miaka kama miwili, kwa upole, mpaka akaaminiwa na kupewa mamlaka. Mwenye programu alikuwa peke yake, ameelemewa, na watu wanamsukuma kila siku atafute mtu wa kumsaidia. Mimi mkasa ule huwa nausoma kwa upande wa yule mwenye programu. Angekuwa na rafiki wa kweli pembeni yake tangu mwanzo, nadhani mgeni asingepata pa kuingilia. Wewe nakujua. Nimekula kwenu, umelia kwetu.

Haya, jambo la pili, na hili linataka kichwa chako. Ni lile neno "elfu" kwenye namba zetu.

Majaribio yote uliyoandika yanapita, isipokuwa lile la 20,005. Msimbo wetu unatoa "elfu ishirini na tano". Ukiupa 25,000 unatoa "elfu ishirini na tano". Na zote mbili ni Kiswahili sahihi! Nilimwandikia Mama Neema risiti mbili, "Shilingi elfu ishirini na tano tu" kwenye kila moja, lakini nikazificha tarakimu kwa kidole. Akazisoma taratibu, akaniuliza kwa nini nimempa karatasi mbili zenye maneno sawa. Nikaondoa kidole. Akanyamaza, halafu akasema hiyo ya pili irudishwe, yeye haitii saini.

Elia anasema tuache, eti nani ana shilingi tano siku hizi. Kwa fedha taslimu namwelewa. Lakini tukishaiweka hadharani hatuchagui nani aitumie. Kesho mtu ataiingiza kwenye hesabu za riba, kilo za alizeti, idadi ya kura. Kura 20,005 na kura 25,000 zikiandikwa maneno yaleyale, kwa kazi yetu sisi wawili? Hapana, hilo siwezi kulikubali.

Elia akapendekeza mkato: "elfu ishirini, na tano". Mkato hausikiki mtu akisoma kwa sauti. Mimi naona 25,000 ibaki "elfu ishirini na tano", maana ndivyo kila mtu anavyoandika, halafu 20,005 iwe "ishirini elfu na tano". Sikio linashtuka kidogo, ila haimchanganyi mtu. Na 10,002 vilevile, "kumi elfu na mbili". Nimeshaandika hivyo kwenye tawi la pembeni la msimbo, sijaunganisha na wetu mkuu. Kwenye "laki" sijagusa kitu, pale palikuwa na mkono wako.

Kwa sababu hiyohiyo sitaki toleo letu la kwanza liwe 1.0.0. Ukitoa 1.0.0 umewaahidi watu kwamba majibu hayatabadilika mpaka 2.0.0. Tuanze na 0.1.0, wenye vikoba watuambie wanavyoona, tukitulia ndipo tuahidi. Na tuwe waangalifu hata na hiyo 0.1.0, maana faili likishapakiwa PyPI, ukilifuta huwezi kupakia jingine kwa jina lilelile. Kosa likionekana unatoa 0.1.1, basi. Nimefanya mazoezi kwenye TestPyPI, ile PyPI ya majaribio, maelezo yanaonekana vizuri, Kiswahili juu, Kiingereza chini. Usinibadilishie mpangilio huo tafadhali.

Leseni nimeweka MIT, ile inayomruhusu yeyote kuutumia msimbo, kama tulivyokubaliana, majina yetu mawili kwenye mstari wa haki, lako la kwanza. Bila leseni mtu akiona msimbo wetu hana ruhusa ya kuunakili hata kama tumeuanika, na mimi nataka kijana yeyote wa Kongwa au Kondoa auchukue bila kuniomba.

Sasa cha kufanya ni kidogo, hata Ima akilala utamaliza. Fungua akaunti, uchukue namba zako za dharura kabla ya yote na uzichape kwenye karatasi, usizipige picha kwa simu ileile. Kisha weka hatua ya pili. Mimi siwezi kukualika kabla pakeji haijakuwepo, na haitakuwepo mpaka faili la kwanza lipakiwe. Wala jina la pakeji haliwekwi akiba. Jana usiku bado lilikuwa wazi, leo sijui. Kwa hiyo nataka tukubaliane jioni moja: napakia, papo hapo nakualika, unapokea mwaliko kwenye barua pepe, unathibitisha. Halafu ile tokeni ya kwanza, yaani ufunguo wa kupakilia, unaofungua akaunti yangu nzima, naifuta natengeneza ya pakeji hii tu. Kama bando ni shida niambie nikutumie.

Nijibu haya, hata kwa sauti kama kuandika kunakusumbua. Unakubali kuwa mmiliki, au Baba Ima ataona nimekuongezea mzigo? "Ishirini elfu na tano" inakukwaza sikio, au inapita? Kule dukani kwa mama yako wanasemaje wakitaka kutofautisha? "Laki moja na nusu" tuiruhusu, au tung'ang'anie "laki moja na elfu hamsini"? Jioni gani Ima analala mapema? Na Nanenane mnakuja Nzuguni, au mtaenda ya hukohuko kwenu?

Nakusubiri. Sipakii bila wewe.

Wako,
Tumaini