Wajawazito waambiwe, vidonge vya damu na chai haviendi pamoja

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo ofisini. Nimesoma makala yenu ya Jumapili mliyoandika wajawazito wale mchicha, matembele na maharage ili damu iongezeke. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja na sijakiona. Yote mliyosema ni kweli kabisa ila mmeishia njiani, manake hamkusema huo mchicha unashushiwa na nini. Mi ni mama lishe hapa Morogoro, huu mwaka wa 11 niko na banda langu karibu na soko, kwaiyo naona watu wanavyokula toka saa 12 asubuhi mpaka jua linazama, na wengi mno chakula kikija na chai ije hapohapo, moto, imekolea majani.

Naandika kwasababu ya mdogo wangu. Alikua na mimba ya kwanza, miezi sita, anakaa kwangu. Mchana analala tu, jioni tukirudi nyumbani kuna kimlima kidogo tunapanda, anasimama mara tatu ameshika kifua anasema dada moyo unanienda mbio. Mi nikajua ndo mimba zenyewe. Siku ya kliniki nesi akamvuta kope ya chini akaangalia, akamgeuza viganja, peupe, akampeleka kupima wakakuta damu 8.1. Mjamzito inatakiwa isishuke chini ya 11. Iliniuma sana, mtu analala nyumbani kwangu, anakula chakula changu, maharage kila siku, mchicha kila siku, na vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu vya kliniki, anameza hata siku moja hajaruka.

Nilijua hajaruka kwasababu mimi ndo nilikua nampa. Kila asubuhi namuwekea kidonge pembeni ya kikombe cha chai ya rangi, anameza na chai kwasababu maji yalikua yanamtia kichefuchefu. Miezi miwili. Hakuna aliyetuambia kwamba chai inazuia, vidonge tulipewa tukaambiwa kimoja kila siku, basi, foleni ilikua ndefu mtu mwingine akaitwa.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja mteja wangu, anasoma mambo ya lishe SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa Morogoro. Nilikua namhadithia huku nakanda unga wa chapati akaniuliza swali moja tu, anamezea nini? Nilipomwambia chai aliweka kijiko chini.

Alivyonielezea ni hivi, nami nimekuja kuulizia kwa watu wa afya wawili tofauti wakasema ni kweli. Damu inahitaji madini ya chuma. Ya kwenye nyama, maini na samaki mwili unayachukua kirahisi. Ya kwenye mboga za majani, maharage, choroko na ugali ni magumu kuchukuliwa, hata ukila sahani imejaa kinachoingia ni kidogo. Sasa majani ya chai yana ile kitu inayofanya chai iwe chungu na ulimi ukauke, inaitwa tanini, ikikutana tumboni na chuma cha mboga inakishika, vinapita pamoja mpaka chooni. Watafiti walishapima hilo, kuna majibu ya mwaka 1999 yalionyesha chai ya rangi ikinywewa pamoja na mkate chuma kinachoingia mwilini kinapungua kwa asilimia 79 mpaka 94 kutegemea imekolea kiasi gani. Yani ukienda juu kabisa, katika sehemu 100 ambazo ungepata unabaki na 6. Na walijaribu kutia maziwa wakaona hayasaidii kitu, kwaiyo wale wanaosema mi nakunywa ya maziwa haina shida, shida iko palepale. Kahawa nayo inazuia.

Hapo ndo nikaanza kuangalia wateja wangu kwa jicho lingine. Asubuhi kuna wadada wa sokoni wanakuja, wengine wana mimba, wengine wananyonyesha, chakula chao ni chapati maharage na kikombe kikubwa cha chai ya rangi. Maharage yana chuma cha kutosha tu! Hela wametoa, wameshiba, ila damu wanayodhani wanaipata hawaipati. Na kuna kitu kingine kilinishangaza mpaka leo. Nyama ina chuma kinachoingia kirahisi, si ndio, sasa mteja wa supu utamsikia mama lete ndimu, anaikamulia mpaka mbegu zinadondokea kwenye bakuli. Mteja wa maharage sijawahi kumsikia akiomba ndimu. Wakati maharage ndo yanaihitaji, manake vitamini C inasaidia chuma cha mboga kiingie. Tena ndimu kidogo inasaidia kidogo, chungwa zima au pera ndo lenyewe, pera lina vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa na hapa Morogoro msimu wake mapera tunayaokota chini watoto wanarushiana.

Kwaiyo nikabadilisha. Chai naipeleka mwanzo kabisa mtu akifika asubuhi na mapema kabla hajataka kula, au anywe baadae, wanasema saa moja kabla au saa moja baada ya chakula inapunguza sana hilo tatizo. Pamoja na maharage naweka maji ya kunywa na kachumbari ya nyanya mbichi imekamuliwa ndimu, na machungwa nayaweka kwenye beseni hapo mezani. Mchicha nimeacha kuuchemsha mpaka unakua kama uji, vitamini C inakufa na moto, nauwekea nyanya mwishoni naepua. Maharage naloweka toka usiku maji yale namwaga. Dagaa wachache ukiwachanganya kwenye mboga wanasaidia hata ile mboga yenyewe iingie vizuri, na dagaa sio bei ya nyama. Wateja wengine walinuna, mzee mmoja akasema ye toka utoto anakunywa chai na kiporo cha maharage na yuko mzima. Sawa, mwanaume mzima asiyetokwa damu kila mwezi na hana mtoto tumboni anaweza asione shida. Mimi namuwazia yule binti wa miaka 19 mwenye mimba anayekula mlo mmoja wa maana kwa siku.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi watu waache chai, chai yenyewe ni yetu, inalimwa Lushoto, inalimwa Mufindi na Rungwe, kuna familia zinasomesha watoto kwa majani hayo na mimi mwenyewe nauza. Nasema isikae kwenye meza moja na kidonge cha damu.

Alafu kuna pemba. Huu udongo wajawazito wanautafuna, unauzwa sokoni wazi kabisa umepangwa kwenye sinia vipande vipande. Mdogo wangu alikua nao kwenye mkoba ameufunga kwenye karatasi, nimekuja kuuona nikitafuta kadi yake ya kliniki. Mtu akipungukiwa damu hamu ya udongo ndo inazidi, na udongo wenyewe nao unaweza kushika chuma tumboni kisiingie, na ukiwa mchafu una mayai ya minyoo. Sikumgombeza, nilikaa nae tukaongea taratibu, akawa anapunguza.

Na sio kila upungufu wa damu ni chakula, hilo nalo liandikwe. Kuna safura, wale minyoo wanaonyonya damu tumboni, kuna malaria, kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambayo ukijimezea vidonge vya chuma bila kupimwa unaweza kujiumiza. Mdogo wangu alipewa dawa ya minyoo pia, kwaiyo siwezi kusema ni chai peke yake. Ninachojua ni kwamba tuliacha kumezea chai, tukawa tunampa kidonge usiku baada ya kula na glasi ya maji ya chungwa nililokamua mwenyewe, kichefuchefu nacho kikapungua kwasababu anameza analala. Wiki ya saba wakapima ikawa 10.6. Kile kimlima akawa anapanda bila kusimama.

Mhariri, ule utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, na kwa watoto chini ya miaka mitano ikawa 58. Karibu nusu ya wanawake. Wakikaa kumi kwenye benchi langu wanne au watano hawana damu ya kutosha na wameagiza chai. Na hao watoto tunawapa chai na andazi asubuhi kabla hawajafikisha hata miaka miwili, eti wamezoea.

Ombi langu ni dogo. Manesi wetu nawaheshimu, najua foleni zilivyo, ila wanapotoa fefo waongeze maneno manne tu, usimezee chai, mezea maji. Wanaofungasha vidonge hivyo kwenye vibahasha waandike hivyohivyo kwa Kiswahili kwa maandishi makubwa. Na nyie gazeti mkiandika tena kuhusu mchicha na maharage andikeni na habari ya chai hapohapo kwenye ukurasa huohuo, manake mimi gazeti lenu nikishamaliza kusoma nalibandika ukutani pale bandani na wale wadada wa asubuhi wanalisoma wakisubiri chapati.

Mama lishe,
Morogoro