Mpwa wangu, usiitie rangi Jaipur

Mpwa wangu mpendwa,

Ile picha ya zamani ya Hawa Mahal, kasri la mji wa Jaipur huko India, uliyotuma kwenye kundi la familia nimeiona. Programu ya simu ya kutia rangi picha za kale imeipaka kijivu cha saruji, nawe ukaandika chini yake kwamba ilipigwa na Samuel Bourne mwaka 1876, na kwamba wafalme wa Kihindi walijenga majumba ya huzuni. Hapo sikubaliani nawe kabisa.

Enzi hizo mpiga picha alipaka kioo kolodioni, yaani dawa nzito inayonata, akakichovya kwenye nitreti ya fedha ili kishike mwanga, akapiga picha na kuisafisha ndani ya hema la giza kioo kikiwa bado kibichi. Kwa jua la Rajasthan, jimbo ulipo mji wa Jaipur, akichelewa dakika chache tu kioo kimekauka na kazi imeharibika. Dawa ile ilinasa buluu upesi mno, lakini nyekundu ilikuwa karibu haiioni. Ndiyo maana anga hutoka jeupe tupu, na ukuta wenye wekundu hutoka na giza. Sasa fikiria: inasimuliwa hadi leo kwamba Jaipur ilipakwa rangi ya waridi ili kumlaki Albert Edward, mwana wa Malkia Victoria, alipofika mwaka 1876. Mji uliovalishwa kwa sherehe, programu yako imeuvika kijivu! Ile michoro myeupe ya chokaa inayozunguka madirisha ndiyo iliyosalimika. Ikuze picha uitazame vizuri.

Na madirisha hayo, 953 kwa hesabu inayotajwa siku zote, yalijengwa mwaka 1799 ili wanawake wa kasri watazame maandamano barabarani bila wao kuonekana. Maharaja Ram Singh II, mtawala wa Jaipur na mwenyeji wa ziara ile ya Albert Edward, alikuwa mpiga picha yeye mwenyewe, tena hodari. Aliwapiga picha hata wanawake wa nyumba ya ndani, ambao mgeni hakuruhusiwa kuwaona. Kwangu mimi, vioo vyake vina thamani kuliko albamu nzima ya ziara.

Jina la Samuel Bourne nalo lifute, maadamu umeandika 1876. Yeye aliondoka India mwaka 1870; albamu ya ziara ilitolewa na kampuni aliyoiacha, Bourne & Shepherd.

Nitumie picha yenyewe kabla haijatiwa rangi, bila kukata kingo. Studio hiyo ilikuwa na desturi ya kuandika jina na namba kwenye kioo, kwa hiyo huenda pembeni chini kukawa na kitu cha kusoma.

Mjomba wako