Barua ya wazi kwa vijana wanaorudisha nafasi ndogo

Wanangu wa kikundi chetu cha maigizo, na wenzenu wote mnaohangaika na kamera hapa Dar es Salaam,

Salamu zenu. Nimesikia kwamba mmoja wenu alipewa nafasi ya mlinzi wa getini, sini mbili tu, akairudisha. Alisema hakukaa darasani miaka mitatu ajifunze sanaa ili aje kufungua geti. Sikumkasirikia. Mimi nikiwa na miaka ishirini na minne nilikataa nafasi ya mvuvi katika mchezo wa jukwaani kwa maneno yaleyale. Kijana aliyeichukua alikuja na wavu wa kweli kutoka pwani, akakaa pembeni anaushona taratibu huku steringi akihutubia. Watu walirudi nyumbani wanamzungumza mshona wavu. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, ndiyo maana nimeona niwaandikie habari za mwigizaji mmoja Mmarekani, Harry Dean Stanton.

Wengi wenu mmemwona ila jina hamlijui. Hata kwao ilikuwa hivyo miaka mingi. Mwembamba, mashavu yamebonyea, macho ya mtu aliyekesha. Alizaliwa mwaka 1926 huko West Irvine, Kentucky. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mpishi kwenye meli ya jeshi la majini, akayaona mapigano ya Okinawa. Aliporudi akasoma chuo kikuu cha kwao Kentucky, halafu akaenda California kujifunza uigizaji Pasadena Playhouse. Kuanzia miaka ya 1950 akawa anaonekana kwenye tamthilia za televisheni za mabwana wa farasi na bastola, kama Gunsmoke na Rawhide. Huku jambazi, kule mtu wa kupigwa risasi mapema. Hata jina lilimponyoka: kulikuwa na mwigizaji mwingine anayeitwa Harry Stanton, basi yeye kwa miaka mingi akaandikwa Dean Stanton tu.

Katikati ya miaka ya 1960 rafiki yake Jack Nicholson, kabla hajawa mtu mkubwa, aliandika filamu ya gharama ndogo akamwekea nafasi ya kiongozi wa genge. Stanton mwenyewe alipenda kusimulia ushauri aliopewa siku zile: usifanye kitu, nguo ziigize, wewe uwe wewe. Nimelitafakari sana neno hilo. Ninyi mkipewa sini moja mnataka kuimaliza yote, mkunje uso, mpaze sauti, mlie machozi, mtazamaji asije akawasahau. Yeye alikwenda njia nyingine kabisa.

Tazameni filamu ya Alien ya mwaka 1979. Humo yeye ni Brett, fundi wa chombo cha angani, mtu wa kofia na shati la maua, anayelalamikia mgawo wa malipo pamoja na mwenzake, aliyeigizwa na Yaphet Kotto. (Huyo Kotto ndiye aliyekuwa Idi Amin katika filamu ya Raid on Entebbe.) Brett anatumwa kumtafuta paka. Anaingia kwenye ukumbi wenye minyororo inayoning'inia, maji yanadondoka kutoka juu. Anasimama, anainua uso, anayaacha maji yamdondokee. Basi. Hakuna neno. Fundi amechoka, kuna joto, amepata maji ya baridi. Sekunde chache baadaye anauawa, na moyo wako unashtuka kwa sababu umeshamwona ni binadamu. Kwenye mswada huyo ni mtu wa kufa mapema tu. Yale maji ndiyo wavu wake.

Msije mkadhani nawaambia mridhike na chochote. Stanton hakuridhika. Alipokutana na mwandishi Sam Shepard kwenye baa huko New Mexico, alimwambia amechoka na nafasi anazopewa, anataka kitu chenye uzuri ndani yake. Lakini alikuwa analalamika huku kisu chake kinakata. Shepard na mwongozaji Mjerumani Wim Wenders wakampa Travis, mhusika mkuu wa Paris, Texas. Ilitoka mwaka 1984, ikachukua Palme d'Or, tuzo ya juu ya tamasha la Cannes. Stanton alikuwa anakaribia miaka hamsini na minane. Mtu anatembea jangwani na kofia nyekundu, anamalizia maji ya kwenye dumu, na hasemi neno kwa zaidi ya dakika ishirini za mwanzo. Nani mwingine angeaminiwa kuanza filamu nzima amenyamaza, kama si mtu aliyezoea miaka thelathini kuonekana bila kupewa maneno? Halafu karibu na mwisho anazungumza na mkewe kwa simu, kioo kiko katikati, na anakigeuza kiti ampe mgongo ndipo aweze kusimulia. Nimeirudia sini hiyo mara nyingi. Kila mara nauangalia ule mgongo.

Baada ya hapo hakugeuka kuwa steringi wa kudumu. Alirudi kwenye nafasi za pembeni, Pretty in Pink, The Green Mile, miaka ya Big Love kwenye televisheni. Mhakiki Roger Ebert aliandika kwamba filamu yenye Stanton au M. Emmet Walsh, mwigizaji mwenzake wa nafasi ndogo, pembeni haiwezi kuwa mbaya kabisa.

Sasa neno la fedha, maana wazee wengi huwa tunaliruka. Mwigizaji wa nafasi ndogo kule hakuishi kwa mapenzi ya sanaa peke yake. Mwaka 1960 chama chao, Screen Actors Guild, kiligoma, na mgomo ule ukaleta mfuko wa pensheni na matibabu, pamoja na malipo pale filamu inapouzwa kwa televisheni. Mtu wa sini mbili naye yumo. Kwa hiyo nafasi ikiwa ndogo ichukueni, ila mkataba usomeni, na malipo yaandikwe kabla ya kushuti. Prodyuza akiwaambia mtalipwa kwa kuonekana, hapo kataeni, na mkatae wote pamoja. Mimi niliwahi kufanya kazi siku kumi na moja kwa nauli tu, na wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Sitaki mpite humo.

Stanton alifariki Septemba 2017, akiwa na miaka 91. Wiki mbili baadaye filamu yake Lucky ikafika kwenye majumba ya sinema, yeye ndiye steringi, na mwongozaji ni John Carroll Lynch, ambaye naye ni mwigizaji wa nafasi za pembeni.

Wewe mlinzi wa geti, jina lako silitaji hapa, lakini unajijua. Jumamosi saa kumi alasiri njoo nyumbani, nitakuwekea The Straight Story ya mwaka 1999. Mzee anasafiri kwa mashine ya kukatia majani, kutoka jimbo la Iowa hadi Wisconsin, kwenda kumwona kaka yake mgonjwa ambaye hawajasemezana miaka. Filamu nzima tunamngojea huyo kaka. Mwishoni anatoka mlangoni kwa kigari cha kujikongojea, ni Stanton. Anaitazama ile mashine, anauliza kama kweli ndugu yake ameendesha hiyo mpaka pale kuja kumwona, macho yanajaa, wanakaa barazani. Anasema maneno machache mno. Halafu nitakuuliza geti lako ulitaka kulifungua vipi. Mwongozaji nimeongea naye, bado hajampata mtu.

Mzee wenu