Salim hataki udaktari

Malindi,
Januari 2026

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana, goti bado linamsumbua na dawa hataki kumeza. Najua nimekaa kimya mpaka umenitoa katika hesabu ya walio hai. Utanigombeza baadaye. Sasa nina shida, na shida yenyewe ni Salim.

Matokeo yametoka, bila shaka umeshasikia kwa Bi Rukia maana kwake habari hailali. Kijana amepita vizuri, alama zake zinampeleka anakotaka. Dada yangu alishaanza kumwita daktari mbele ya majirani. Basi juzi tumekaa tunakula, Salim akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba udaktari hasomi. Anataka uhandisi wa anga, atengeneze setilaiti. Dada akaweka kijiko. "Setilaiti ya wapi? Kenya hii?" Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa nafundisha jiografia na nina balaa la kuonekana najua mambo. Nimetakiwa nitoe hukumu: kazi hiyo ipo au haipo?

Ningekuwa na akili ningesema ipo, nikaendelea na wali wangu. Badala yake nimekaa usiku na usiku nasoma mipango ya serikali ya anga za juu, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Weka chai jikoni kwanza.

Hesabu niliyopiga ni hii, niambie kama nimepotea. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Mipango yake inakwenda kwa miaka mitano mitano kama ya taasisi nyingine za serikali, na hii ya sasa ya nchi nzima, Mpango wa Muda wa Kati, ni ya 2023 hadi 2027. Salim akiingia chuo mwaka huu, Mungu akipenda, uhandisi ni miaka mitano. Mpango utakwisha yeye yuko mwaka wa pili, na hapo katikati kuna uchaguzi wa Agosti. Ruwaza ya 2030 nayo itafika mwisho hajavaa joho. Sasa mimi namshauri vipi mtoto aingie kazi ambayo karatasi inayoitaja itakufa mara mbili kabla hajahitimu? Mtu anayepanda mnazi hasemi nitaungoja miaka mitano tu kisha niukate.

Wala sisemi hakuna kilichofanyika. 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa kile kisetilaiti chao, 1KUNS-PF, kiboksi cha sentimita 10 kila upande. Wajapani wakakiachia kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Halafu Aprili 2023 ikaja setilaiti ya Taifa-1, unakumbuka tulivyokesha? Wakaahirisha, wakaahirisha tena, mpaka ikaruka tarehe 15 kutoka California juu ya roketi ya Falcon 9. Shilingi milioni 50. Watu mitandaoni wakapiga kelele kwamba hizo zingejenga madarasa. Mimi nasema milioni 50 si fedha za kugombana, kuna nyumba hapa ufuoni zimeuzwa zaidi ya hapo. Kinachonikera ni kingine. Walioichora ni wahandisi wa Kenya, vijana wetu, lakini kutengenezwa na kujaribiwa ilikwenda Bulgaria. Sawa, ya kwanza kila mtu hushikwa mkono. Ya pili je? Ya tatu? Mpango unatakiwa useme ni lini tutaanza kuijaribu wenyewe, kwenye chumba kipi, na nani atakuwa na ufunguo wa hicho chumba. Hayo nimeyatafuta. Maneno "kujenga uwezo" nimeyakuta tele.

Tuache hayo, nikuambie la Ngomeni, pale pwani palipokuwa pakirushwa roketi zamani, maana ndilo lililonikalia rohoni.

Jumamosi nilimchukua Salim tukaenda. Unapanda matatu ya Garsen, unashuka Gongoni, unakata kulia na pikipiki katikati ya mashamba ya chumvi, macho yanakuuma kwa weupe. Ukifika ufuoni majukwaa yale yako pale pale kwenye maji, miguu yao ya chuma imeshika kutu mpaka imekuwa rangi ya matofali. Wavuvi wanapita karibu nayo bila hata kuyatazama. Sisi tumekua tukiyaona tukadhani ni vitu vya mafuta. Salim akaniuliza, "Mama mdogo, kweli hapa ndipo roketi ziliporushwa?" Nikamwambia ndipo hapa.

Na ni kweli, Zuhura. Waitaliano wa yule profesa Luigi Broglio walilitafuta eneo hili kwa makusudi. Tuko karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa bure, na mashariki yetu ni bahari tupu, ikidondoka haimdondokei mtu. Aprili 1967 wakarusha San Marco 2 kutoka kwenye maji yale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea miaka saba ya uhuru wetu, Waitaliano wakawarushia Wamarekani hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, wakaiita Uhuru. Hiyo Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ndiyo iliyowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba kile kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, lile linalomeza hata mwanga. Mkubwa wa kazi ile, Riccardo Giacconi, akapewa Nobel 2002. Roketi ya mwisho iliondoka pale Machi 1988, mimi na wewe bado tunachapwa madrasa.

Roketi tisa zimepeleka setilaiti angani kutoka Ngomeni. Zote za aina ya Scout, za Marekani, na wenye kuzirusha ni Waitaliano. Sisi tulikuwa na mahali tu. Mtu akikupangisha ua wako akafanyia harusi, hualikwi kuwa bwana harusi, najua. Lakini miaka ishirini na moja! Hata mmoja wetu asifundishwe mpaka akaweza kusimama akasema jamani, sasa niachieni mimi?

Nisikilize hapa, maana ndipo nimekwama na nitakwama tena. Novemba 1963, kabla hata hao Waitaliano hawajarusha kitu hapa, India walirusha roketi yao ya kwanza kutoka Thumba. Thumba ilikuwa nini? Kijiji cha wavuvi, kule kusini kabisa, minazi na mchanga kama Ngomeni. Kanisa la kijiji likageuzwa ofisi, vipuri vya roketi vikabebwa kwa baiskeli. Na roketi yenyewe ilitoka Marekani. Kwa hiyo tulianza karibu sawa, wavuvi kwa wavuvi, roketi ya kuazima kwa roketi ya kuazima. Tofauti ni kwamba Vikram Sarabhai, mkubwa wa kazi ile kwao, aliwatuma vijana wake Marekani wakasomee kurusha kabla roketi haijafika. 1970 akatoa mpango wa miaka kumi, anasema wazi setilaiti ni za kufundishia vijijini na kutabiri mvua. Mwaka uliofuata, Desemba 1971, akafa, ghafla, usingizini. Mpango haukuzikwa naye! 1975 setilaiti yao ya kwanza ikapanda kwa roketi ya Warusi. Mwaka huo huo wakaazima setilaiti ya Marekani, wakapeleka vipindi vya televisheni katika vijiji kama 2,400. 1980 roketi yao wenyewe ikaruka na setilaiti yao wenyewe. 2019 chombo chao kikaanguka mwezini kikavunjika, dunia nzima inatazama, na hakuna aliyefunga ofisi. Agosti 2023 kingine kikatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna nchi iliyowahi kutua. Sasa wanasema kituo chao angani ifikapo 2035, na mtu mwezini 2040. Mtoto wa Thumba wa umri wa Salim anaweza kupiga hesabu ya maisha yake juu ya hizo tarehe. Huyu wetu atapigia wapi?

Utaniambia India ni kubwa, watu ni wengi, fedha ni nyingi. 1963 fedha gani, mwenzangu? Walikuwa wanapokea ngano ya msaada.

Haya, nimejipandisha presha. Ninywe maji.

Lakini nikupe na upande wa pili, maana dada akisoma barua hii (na ataisoma, unamjua) asije akadhani nimeshamhukumia. Ngomeni si makaburi. Zile antena nyeupe unazoziona upande wa bara bado zinafanya kazi. Kuna setilaiti ya Swift, ya tangu 2004, kazi yake kutazama milipuko mikubwa kabisa ya angani, na data zake zinashuka hapa petu Malindi. Kuna mkataba mpya na Italia uliotiwa saini 2016, na humo ndani kuna mafunzo, kuna data za kutazama dunia, na, cheka kidogo, kuna matibabu kwa masafa. Nikamwambia Salim hapo ndipo utakapomshika mama yako: mwambie utakuwa daktari wa mbali. Hakucheka. Hawa watoto wa siku hizi wana uzito.

Na kuna wale wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wanaojitengenezea viroketi, mradi wao wanauita Nakuja. Nimependa. Wamejiita Nakuja, hawajajiita Tumefika.

Mimi ningeambiwa niandike mpango huo wa muda mrefu, nisingeanza na kituo cha kurushia roketi, ingawa kila mwanasiasa akifika pwani anakitaja. Kituo ni kitu cha kukata utepe. Ningeanza na watu: kila mwaka vijana kadhaa, wachache tu, wanapelekwa kusoma, na kiti kinawangoja kwa mkataba, awe nani ikulu. Halafu wanaotumia. Ukame ukija Ganze, picha ya setilaiti imfikie afisa wa kilimo wakati ng'ombe bado wamesimama. Wakati Wahindi wanapeleka televisheni zao vijijini, 1975, kwetu kikaanzishwa kituo cha ramani cha nchi kadhaa, kile ambacho leo kinashughulika na data za setilaiti hapo Kasarani, karibu na kwako kabisa! Jambo limeanza zamani. Lililokosekana ni mtu wa kulishika mkono kutoka mwaka hadi mwaka. Halafu roketi, baadaye, pengine na majirani. Uganda na Rwanda nao walishapeleka angani setilaiti zao ndogo, na Umoja wa Afrika umefungua shirika lake Cairo mwaka jana. Mbona kila mmoja anunue tiketi yake peke yake?

Eti na ile pete, umeisikia? Si ile iliyoanguka Mukuku, Makueni, Desemba ya 2024, chuma cha kilo 500, kipenyo mita mbili na nusu, kimetua shambani mwa watu mchana kweupe. Shirika letu la Kenya likasema kinaonekana ni kipande cha roketi. Dada anaitumia kama ushahidi: "Unaona, hata takataka zao zinatudondokea." Salim akamjibu kwamba ndiyo maana anataka kusoma, awepo mtu wa kujua ni ya nani na nani alipe fidia. Pale nilinyamaza. Jibu sina, na moyoni niko upande wake, lakini ada nitakayosaidia kulipa ni yangu, na miaka ni yake, na baba yake hayupo wa kumuuliza. Unaona nilivyobanwa.

Sasa nikuombe. Shemeji bado ana ule ujamaa na yule bwana wa Kasarani? Anaweza kumwombea Salim hata wiki mbili tu akae pale, aone watu wanaofanya kazi hii wanafanya nini kutwa, wanalipwa, wanarudi nyumbani wamechoka au wamekata tamaa? Akija atalala kwako, au chumba cha nyuma bado amekalia mpwa wa shemeji? Unamjua mtu yeyote aliyesomea uhandisi wa anga pale Kenyatta, aliyehitimu hasa, na leo yuko wapi? Yuko kwenye setilaiti au anauza simu? Yule Athmani wa kina Bi Mkubwa si alikwenda Roma kwa ufadhili, alirudi? Na akirudi walimpa kazi, au tulimsomeshea Waitaliano? Na wewe mwenyewe, bila kunipaka mafuta: ungekuwa ni Twaha wako, ungemwachia?

Nijibu kabla hawajafungua kuchagua kozi, maana dada ameshaijua namba ya siri ya kijana na namwogopa.

Rafikiyo,
Mwanaisha

N.B. Achari ya embe nimempa Kazungu, atashuka na basi la Alhamisi usiku. Chupa kubwa ni yako. Ndogo ni ya shemeji, umwambie ndiyo bei ya simu ya Kasarani.