Tupigieni na upande wa pili wa santuri

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye matatu kutoka Ahero kuja Kisumu, redio ya dereva ikivuma. Mtangazaji, kijana kwa sauti yake, akasema muziki wa kucheza uliingia redioni stesheni za FM zilipokuja. Kisha akaweka benga ya zamani, ule muziki wetu wa gitaa wa kucheza, na kabla gitaa halijashika moto akaikata kupisha tangazo la mikopo ya simu. Yote mawili yaliniuma.

Stesheni za kibinafsi za FM zilianza mwaka wa 1996, Capital FM ikitangulia. Kabla ya hapo tulikuwa na redio ya serikali tu, Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), lililogeuzwa Sauti ya Kenya mwaka wa 1964 na kurudia jina lake la awali 1989. Na tulicheza! Kwetu Nyakach redio ilitumia betri nne kubwa. Zikichoka, mama alizianika juani mchana kutwa ili jioni tupate salamu. Marehemu baba alijaza kadi za salamu kwa mwandiko wake wa kulala, akataja mashemeji wote, asimsahau hata mmoja, na mwishoni wimbo anaoutaka. Siku jina lake liliposomwa, majirani walikuja kumpa mkono.

Vijana hawajui jinsi nyimbo hizo zilivyorekodiwa. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, na benga haienei humo. Kwa hiyo wimbo uligawanywa. Upande wa kwanza waimbaji wanasimulia kisa na kuwataja marafiki na wafadhili wao. Upande wa pili sauti zinapungua, solo na besi zinafukuzana, na hapo ndipo vumbi lilipotimka uani. Mtangazaji aliyeijua kazi yake aliigeuza santuri chapuchapu. Ulisikia sindano ikikwaruza kidogo, kisha gitaa likidaka pale lilipoachia. Mama alikuwa ameshauweka mwiko chini.

Si kwamba redio ilitutendea haki siku zote. Mwaka wa 1980 Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba asilimia 75 ya muziki wake ungekuwa wa Kenya, lakini mpango huo ukaachwa upesi. Nao muziki huo huo ulikuwa umependwa mbali sana: Zimbabwe waliuita kanindo, kwa sababu ya santuri za mtayarishaji wetu Oluoch Kanindo.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Kituo kimoja cha huku magharibi kilipohamia kompyuta, nilikuta katoni za santuri zimetupwa nje karibu na pipa, zimenyeshewa, karatasi za katikati zikibanduka. Niliokota tatu. Sasa nikisikiliza stesheni zetu, nyimbo nyingi za zamani hukomea upande wa kwanza. Mwanamuziki wa benga D.O. Misiani alifia hapa Kisumu katika ajali ya barabarani tarehe 17 Mei 2006, na Mei hii nilikesha nikimsikiliza. Mara nne wimbo ulikatika pale pale gitaa linapoanza kupanda. Mtoto aliyezaliwa baadaye ataamini benga ni masimulizi tu. Atajuaje kwa nini babu yake alitoka jasho?

Naomba stesheni za Kisumu, na idara ya utamaduni ya kaunti pia, zitenge siku wenye santuri wazilete, zinakiliwe pande zote mbili, na wenyewe warudishiwe mali yao. Watangazaji waliostaafu waitwe siku hiyo hiyo, wakiwa bado na kumbukumbu, waeleze nani aliomba wimbo gani na kwa nini.

Mimi nina sanduku la baba, santuri 31. Mbili zina mikwaruzo, zilizobaki zinalia vizuri. Nitazileta mwenyewe, kwa boda boda hata kama ni kesho asubuhi, mradi nipewe stakabadhi.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu