Mwanangu, hiki ndo ninachoomba

Asalam aleikum mwanangu, natumai umzima huko Dodoma. Ile voisi yako nimeisikiliza nikiwa napara samaki nikacheka hadi mama wa meza ya pili akauliza kulikoni. Eti "mama hivi ukishaswali unakaaga pale kwenye mswala unaomba nini muda wote huo?" Kwenye simu siwezi kukujibu, wadogo zako hawanipi nafasi, basi nakuandikia.

Ukweli mara nyingi siombi kitu, nataja majina. Naanza na wafu, babu yako, bibi yako, baba yako Mungu amrehemu, halafu wazima, wewe na nduguzo, halafu wanaonidai, eh hao nawataja kabisa, Mwenyezi Mungu awazidishie subira (usicheke). Mambo yangu mwenyewe ni kama muda ukibaki, na muda wenyewe uko wapi, alasiri pale sokoni unaijua, madau yanaingia, dalali anapiga kelele, ukizubaa vibua vya kukaanga washabeba watu wa Dar.

Na kuswali na kazi hii we acha tu, magamba mpaka kwenye nyusi. Kanga yangu safi naiweka kwenye mfuko naitundika kwenye msumari mbali na moshi, nasugua mikono na ndimu, natia udhu, naswali, narudi karaini. Meza ananiangalizia yule mama mwenzangu Mkristo, na Jumapili akienda misa kule misheni mi ndo namkaangia za kwake. Wamisionari walifika hapa Bagamoyo 1868, misikiti ilikuwepo tangu enzi za Kaole, ule mji wa kale hapa jirani, watu washazoeana bwana, hatubishani dini juu ya karai la mafuta. Baba yako alivyozidiwa, yule mama alikuja na rozari yake akakaa nasi mkekani tunasoma Yasini, hakuna alieshangaa.

Na nadhani swali lako lenyewe liko hapo ila umelizunguka. Unataka kujua kama niliomba apone. Niliomba. Niliamka usiku nikalia, nikatoa sadaka, na akafa. Msibani wakaja watu kuniambia Mungu kampenda zaidi, sikuwajibu maana ningetukana. Eda nzima naswali natoa salamu nainuka, dua sina, na hata eda ilivyoisha bado. Nilivyorudi kuomba hakukuwa na ndoto wala muujiza wowote, nilikuwa tu nimekosa pa kumtaja. Nikimtaja kwa watu wanageuza mazungumzo, wanaogopa nitalia. Pale kwenye mswala namtaja ninavyotaka, na kile kikohozi chake cha asubuhi, na ile tabia yake ya kuficha sukari, hakuna anaenikatiza.

Ziara ya Sheikh Ramiya ikifika njoo kama chuo kitakuruhusu. Yule aliletwa huku mtoto mdogo, mtumwa, kutoka Manyema huko Kongo, akaja kuwa sheikh wa tarika ya Qadiria anaejulikana pwani yote, kafa 1931 na mpaka leo watu wanatoka mbali kuja kumzuru. Mi zikri ikipanda usiku, wenzangu wanamfikiria sheikh, mi namfikiria yule mtoto njiani kwenye msafara, na mama yake kule alikobaki, alikuwa anamuombea kwa maneno gani, na kama alijua yu hai au alimuweka kwenye wafu.

Kuswali kwako sitaki kukuuliza, nimekulea najua ukikwepa unaanza kuongelea hali ya hewa, na hiyo voisi dakika nzima ni upepo wa Dodoma. Usinidanganye tu, basi. Mtihani wa kwanza nitumie tarehe niijue mapema. Na kesho kuna boksi la samaki linakuja na basi, juu kuna ndimu na pilipili ya kusaga, kalipokee mwenyewe usimtume mtu, lile la mwisho lilifika nusu.

Mama yako