Roho ipi hiyo yenye gramu 21?

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika. Vijana wako wa kidato cha sita wamesikia kwamba roho ya mtu ina uzito wa gramu 21, eti sayansi imethibitisha, nawe una vipindi viwili vilivyounganishwa vya kuwajibu. Darasa lina Waislamu na Wakristo, tena wapo wawili watatu wanaoshikilia kwamba mtu ni nyama na mifupa basi. Usianze kwa kuwaambia kwamba ni uongo, utawapoteza mapema. Wape hesabu yenyewe waione, halafu waulize: roho ipi?

Hizo gramu zina mwenyewe. Ni daktari mmoja wa Haverhill, jimbo la Massachusetts, Marekani, aliyeitwa Duncan MacDougall. Majaribio aliyaanza mwaka 1901, akayachapisha mwaka 1907. Alichukua mizani kubwa ya jukwaa, ile yenye mkono na mawe, akajenga fremu nyepesi juu yake, na juu ya fremu akaweka kitanda. Mgonjwa aliyekuwa anakaribia kukata roho alilazwa hapo na matandiko yake, mkono wa mizani ukasawazishwa, watu wakakaa kuutazama. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wa kifua kikuu, na sababu ilikuwa ya kiufundi tu: aliyedhoofishwa na kifua kikuu huzimika taratibu, hatapatapi, kwa hiyo mizani haitikisiki. Wa homa ya mapafu hakuwataka, kwa kuwa wao huhangaika.

Mgonjwa wa kwanza alitazamwa saa 3 na dakika 40. Muda wote huo alikuwa anapungua kama wakia moja kwa saa, yaani gramu 28, kwa jasho na mvuke wa pumzi, ikabidi mizani isawazishwe tena na tena. Alipokufa, mkono wa mizani ulianguka ukagonga chuma cha chini kwa sauti. Upungufu ulikuwa robo tatu ya wakia. Geuza wakia kuwa gramu, unapata 21.3. Basi, hiyo ndiyo roho ya gramu 21: mtu mmoja, usiku mmoja. Na mizani yenyewe ilikuwa haihisi kitu kilicho chini ya gramu 6 hivi, kwa hiyo hata kwa mtu huyo mmoja, 16 au 26 zingekuwa na haki sawa ya kutajwa. Namba 21 inasikika ya kitaalamu kwa sababu tu imetoka kwenye kubadilisha vipimo.

Sasa andika ubaoni wale watano waliobaki, na usiseme neno. Wa pili haikujulikana alikufa dakika gani, maana pumzi zilikoma na misuli ya uso ikaendelea kucheza kwa robo saa. Mizani ilionyesha nusu wakia, na ilipopimwa tena ikawa karibu gramu 46. Wa tatu alipungua gramu 14, na dakika chache baadaye gramu nyingine 28. Wa nne, mgonjwa wa kisukari, mizani haikuwa imewekwa sawasawa, na palikuwa na watu waliopinga jambo lile wakaliingilia. Akafutwa. Wa tano alipungua kama gramu 11, lakini mawe yalipowekwa kurudisha usawa na kisha kuondolewa, mkono wa mizani ulikaa dakika 15 bila kushuka, kana kwamba umekwama. Wa sita alikufa mizani ingali inarekebishwa. Akafutwa naye. Katika sita wamebaki wanne, na katika wanne hakuna wawili wanaofanana. Kwa haki yake, MacDougall mwenyewe aliandika kwamba majaribio yanahitaji kurudiwa mara nyingi. Waliokuja nyuma ndio waliosahau sentensi hiyo.

Kuna kijana atanyanyua mkono aseme ilikuwa hewa ya mapafu iliyotoka. Jibu hilo ni la haraka mno. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi, na hewa iliyo ndani ya kifua inaelea katika hewa ya chumba kama maji ndani ya maji, kwa hiyo ukiitoa mizani haijui. MacDougall alilijaribu hilo: alipanda kitandani mwenyewe, kisha mwenzake, wakavuta na kutoa pumzi kwa nguvu zote, mkono wa mizani haukusogea.

Jibu zito zaidi alilitoa daktari mwenzake, Augustus P. Clarke, mwaka huohuo wa 1907. Mapafu ndiyo yanayoipoza damu, alisema. Yakisimama, joto la mwili hupanda, jasho hutoka, na jasho lina uzito. Hapo ndipo mbwa wanapoingia. MacDougall alikuwa amepima mbwa 15 pia, hakuona upungufu wowote, akaona hilo linakubaliana na fikra kwamba mbwa hana roho. Clarke akamkumbusha kwamba mbwa hupoa kwa kuhema ulimi nje, hatoki jasho mwili mzima kama sisi. MacDougall hakukubali, akajibu kwamba moyo ukisimama damu haipeleki tena joto kwenye ngozi. Kwa maoni yangu hakuna aliyeshinda hapo, na wala haina haja: idadi ndogo na mizani inayokwama zinatosha kuivunja hoja.

Maelezo hayo yasiishie mdomoni. Mizani ya jikoni ya kidijitali, ya kilo 5 kwa hatua ya gramu 1, inatosha. Lowesha taulo la mkono, likamue mpaka lisidondoke, litandaze juu ya kikapu kilichofudikizwa kwenye mizani ili hewa ipite chini, na mwanafunzi mmoja asome kila dakika 5 kwa nusu saa. Gramu zitashuka bila kitu chochote kuonekana kikitoka. Yanayoharibu zoezi hili ni matatu. Feni husukuma taulo na namba zinacheza, kwa hiyo izimwe wakati wa kusoma. Mizani nyingi hujizima zenyewe zikikaa, zikiwashwa zinaanza upya kwenye sifuri. Basi iwasheni ikiwa tupu ndipo mrudishe kikapu, na uzito wa kikapu muutoe wenyewe kwa hesabu. La tatu ni meza inayoyumba, na shuleni mnazo nyingi.

Nyumbani, mwenye mizani ya kusimamia ajipime akitoka msalani kabla ya kulala, ajipime tena akiamka kabla ya kwenda msalani, nguo zilezile. Atakuta amepungua gramu 200 hadi 400, pengine zaidi kwenye joto la kwenu. Sehemu kubwa ni maji, sehemu ni kaboni aliyoitoa kwa pumzi. Aliyepungua gramu 300 hajapoteza roho kumi na nne.

Sasa turudi kwa mbwa, maana kwangu ndiyo sehemu tamu ya habari yote. Msimulie Mswahili yeyote kwamba mbwa hana roho, atakucheka. Mbwa hukata roho. Kuku hukata roho. Sisi tukisema roho kwanza tunasema uhai, kile kinachotoka mtu anapokufa, baada ya kwanza kukata kauli. Ndiyo roho ya "roho juu juu", ya "roho mkononi". Kisha neno hilohilo hubeba tabia (roho mbaya, roho nzuri) na hata ulafi, maana mtoto anayenyang'anya sahani ya mwenziwe huambiwa ana roho. Alichokitafuta MacDougall, kile ambacho mtu anacho na mbwa hana, Kiswahili hukiita nafsi. Waulize vijana wako wamejifunza wapi neno hili. Watasema kwenye sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jibu liko hapo mbele yao. Nafsi ni yule anayesema "mimi", anayeweza kuulizwa, anayesutwa. Hatusemi roho yake ilimsuta, tunasema nafsi. Na kutokana nayo tuna binafsi na ubinafsi.

Maneno haya mawili yamekuja kwa Kiarabu, na huko yote yana harufu ya upepo: roho ni jirani wa neno la upepo, na nafsi ni ndugu wa neno la pumzi, ambalo sisi tumelichukua tukalifanya nafasi. Moyo, mwili, pumzi na mzimu ni mali ya Kibantu tangu mwanzo. Kwa hiyo tunavaa nguo mbili moja juu ya nyingine, mshono hatuuoni. Moyo tunaukemea na kuuusia kama mtu. Mshairi wa Al-Inkishafi, utenzi wa zamani, ndivyo alivyouhutubia. Na maumivu ya maneno tunayapeleka chini kidogo, maana anayetuumiza kwa kauli ametukata maini.

Tahadhari moja kuhusu maandiko. Wakristo watakuletea Wathesalonike wa Kwanza 5:23, penye nafsi, roho na mwili, vitatu. Wapeleke na Mwanzo 2:7, ambapo mtu hakupewa nafsi, bali alipuliziwa pumzi ya uhai "akawa nafsi hai". Waislamu wapeleke Sura Azzumar, aya ya 42: Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa, na za wasiokufa huzichukua usingizini. Aliyelala nafsi yake imechukuliwa na bado anakoroma. Acha walitafune hilo. Mizani isingemgundua.

Ukitaka kitu cha kuwapanga, mchukue Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihyaa anachukua maneno manne, moyo, roho, nafsi na akili, na kusema kila moja lina maana mbili, na watu hugombana kwa sababu kila mmoja ameshika maana yake. Moyo ni pande la nyama lililo kifuani upande wa kushoto, ambalo hata mnyama analo na hata maiti analo. Na moyo ni kile kinachojua na kitakachohesabiwa. Roho ni mvuke mwembamba unaotoka kwenye uwazi wa moyo na kuenea kwa mishipa, kama taa inayozungushwa vyumbani, na huo anasema ni kazi ya matabibu. Na roho ni ile ambayo Qurani inasema ni katika mambo ya Mola, nasi tumepewa elimu ndogo tu. Chora mistari miwili ubaoni, ya daktari na ya hesabu ya akhera, kisha waulize MacDougall alikuwa upande gani. Alibeba swali la upande mmoja kwenda kulipima kwa chombo cha upande wa pili.

Wale wa nyama na mifupa usiwadharau, wana hoja nzuri kuliko wanavyojua. Wape habari ya Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli Marekani. Mwaka 1848, huko Vermont, baruti ililipuka na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 ukampenya chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Aliishi. Lakini waliomjua walisema yule si Gage tena: mtu mtulivu amekuwa mtukanaji, hana subira. Roho ipo, moyo unapiga, na nafsi imebadilika kwa kuguswa ubongo. Ila usiwaachie hapo, maana wengi hukata kisa nusu. Baadaye Gage aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka ratiba na kuelewana na abiria, na akafa mwaka 1860. Aliyeharibika kabisa asingeiweza.

Mali usiisahau. William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1890 aliandika kwamba "mimi" ya mtu ni jumla ya vyote anavyoweza kuviita vyake: mwili, nguo, nyumba, watoto, jina lake kwa watu, hata akaunti ya benki. Hili halihitaji dakika nyingi. Uliza nani ameshawahi kuibiwa simu na alisema nini. Atakayekumbuka alisema "nimekwisha" amekwisha kulifafanua.

Mpangilio ningefanya hivi: taulo liwekwe kwenye mizani mara tu kengele ikilia, kisha wagonjwa sita, kisha mbwa, kisha maneno. Ghazali baada ya hapo, Gage mwishoni ikiwa muda upo. Ukianza na maandiko, kila mtu atarudi kwenye boma lake na mizani hutaifikia.

Nijulishe taulo lilipungua gramu ngapi, na kama feni ilikuwa imezimwa kweli.

Wasalaam,
nduguyo wa Tanga